Mrejesho: nyanya za Ilula hadi Dar, kreti zimenisaidia, hoho bado

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: nyanya zangu kutoka Ilula zilikuwa zinafika soko la Ilala matenga ya chini yamegeuka rojo. Asanteni sana kwa kunijibu kwa moyo.

Nimeacha matenga ya mbao, nikakodi kreti za plastiki zenye matundu. Sikuzijaza hadi juu; niliacha nafasi ya vidole viwili ili kreti ya juu ikalie kingo za ile ya chini, isikalie nyanya. Hapo ndipo nilipopona. Tulichuma alfajiri, nyanya ndiyo kwanza zinaanza wekundu, tukatoa vikonyo maana vinatoboa zile za jirani, na hatukuziosha. Katika kreti 40, zilizoharibika hazikujaza hata kreti 2. Safari iliyopita nilipoteza karibu robo ya mzigo.

Hoho ndizo zilizoniangusha. Mliniambia mifuko ya plastiki itobolewe sana, mimi nikatoboa vitundu vichache tu nikidhani vinatosha. Nilipofungua sokoni, ndani kulikuwa na matone kama umande na vikonyo vimeota ukungu. Karibu nusu nilimwaga. Safari ijayo nazo zinaingia kwenye kreti, bila mfuko.

Kilichobaki ni nauli ya kurudisha kreti tupu Ilula, inauma kweli. Kwa sasa tumekubaliana wakulima watatu tuchangie gari moja.