Kitunguu saumu kwenye maziwa mabichi: kinaua bakteria sugu?

Wakuu, ng'ombe wangu ana kititi (uvimbe wa kiwele). Kachomwa penisilini, lakini chuchu moja bado inatoa mabongebonge. Nikitia kitunguu saumu kwenye maziwa, hao bakteria sugu watakufa?

Jibu: Kwenye kisahani cha maabara, alisini, ile kemikali yenye harufu kali ya kitunguu saumu, huua Staphylococcus, bakteria mmojawapo wa kititi. Ndooni ni habari nyingine. Protini za maziwa huipunguza makali. Joto halijali usugu: nyuzi 72 kwa sekunde 15, wamekwisha.

Jibu: Sawa, ila sumu aliyokwisha kuitoa Staphylococcus haiondoki kwa kuchemsha, wala mabaki ya penisilini. Mwaga maziwa ya chuchu zote mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ndama naye usimpe, utamfugia bakteria wasiosikia dawa tumboni. Sampuli ipelekwe maabara, wapime dawa ipi bado inafanya kazi.

Muulizaji: Hata ya kugandisha mtindi nimwage?

Jibu: Hata ya mtindi, ndugu.