Je, kumsimamisha mtu ubaoni ni kipimo cha haki kwa mhandisi wa programu?

Ndugu mchangiaji aliyenitangulia ameshikilia kwamba usaili wa ubaoni, ambapo msailiwa hufumbua swali la algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, kwa kalamu huku jopo likimtazama, una haki kuliko aina nyingine zote, kwa kuwa kila mtu huulizwa swali lile lile na hakuna mjomba awezaye kumbeba. Hoja ya mjomba naikubali bila kusita, maana hapa Nairobi sote tunajua uzito wa kujuana. Lakini swali kuwa moja hakutoshi, ikiwa linalopimwa si kazi yenyewe.

Mwaka 2020, watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwagawa wanafunzi 48 wa kompyuta: baadhi walifumbua swali ubaoni mbele ya msaili, wengine wakalifumbua ubaoni wakiwa peke yao. Matokeo ya waliotazamwa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa walishindwa wote, na walioachwa peke yao wakafaulu wote. Idadi ni ndogo, wala siijengei ghorofa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mwombaji kazi hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na kipimo kinachoweza kuwaangusha wanawake kwa namna hiyo chapaswa kututia wasiwasi.

Nimewahi kuketi kwenye jopo kama hilo, katika ofisi moja ya Kilimani. Binti mmoja aliandika mstari, akaufuta kwa kiganja, akaandika ule ule tena, wino ukamtapakaa hadi kwenye kifundo cha mkono, na baada ya dakika 20 akaomba radhi. Muda ulikuwa umebaki, kwa hiyo tukamwachia kompyuta yenye programu ya kupokea malipo ya M-Pesa iliyokuwa na hitilafu, nasi tukatoka. Tuliporudi alikuwa ameipata: ujumbe wa uthibitisho ukifika mara mbili kwa muamala mmoja, mteja aliongezewa salio mara mbili. Alikuwa ameweka ukaguzi wa nambari ya muamala kabla ya chochote kuingia kwenye hifadhidata, tena akaandika jaribio la kuthibitisha. Hatukumwajiri, kwa sababu zilizohesabiwa ni alama za ubaoni. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wanaotetea usaili wa kumpa mwombaji kazi ya kwenda kuifanyia nyumbani nao wamesahau mwenye mtoto mchanga, na yule ambaye umeme wa mtaani kwake hukatika jioni na bando hununua ya siku moja moja. Isitoshe, siku hizi haijulikani kazi hiyo imefanywa na mtu au na akili unde.

Ninachopendekeza ni dakika 90 ofisini, kwa kompyuta ya ofisi, hitilafu inayofanana na za kazini, jopo likiwa nje, kisha robo saa ya msailiwa kueleza alichofanya na kwa nini. Vigezo vya alama viandikwe kabla ya msailiwa wa kwanza kuingia, na kila msaili ajaze zake kabla ya kusikia za mwenzake. Mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake ya mwaka 2022 yaliuweka usaili wenye maswali na vigezo vilivyopangwa mapema mbele ya mbinu nyingine katika kubashiri utendaji kazini.

Mtaniambia wasaili hawana muda. Ubaoni, watu watatu hukaa saa nzima kwa kila msailiwa. Kwa utaratibu huu wanadaiwa robo saa, na muda mfupi wa kusoma alichoandika.