Kumchora Sayyid Barghash kwa kutumia mtu wa badala: mpaka uko wapi?

Swali: Mchoraji, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninachora kwa rangi za mafuta picha kubwa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Uso ninautoa katika picha alizopigwa alipozuru London mwaka 1875, lakini picha hizo hazina rangi, na mikunjo ya joho imemezwa na weusi. Kwa hiyo nimemwomba mpwa wangu, mwenye mabega mapana na ndevu nzuri, avae kanzu, joho, kilemba na jambia, akae mbele yangu kila asubuhi. Mwili umekubali. Tatizo ni uso: kila baada ya siku mbili tatu namkuta mpwa wangu machoni na kwenye pembe za mdomo, kana kwamba sultani amerudi nyuma akamwachia nafasi. Je, nimpumzishe kijana nibaki na picha za zamani peke yake, au ipo njia ya kumtumia bila kumdhulumu marehemu sura yake?

Jibu: Mwalimu wa sanaa, Mombasa

Wa alaykum salaam, kaka. Usimpumzishe, ila mtumie kwa kile tu anachoweza kukupa. Thomas Sully wa Philadelphia alipomchora Malkia Victoria mwaka 1838, malkia mwenyewe alikaa kwa ajili ya uso, na mavazi mazito ya kifalme akayavaa Blanche, binti wa mchoraji, ili malkia asichoshwe. Lakini Victoria alikuwa hai, na Sully aliweza kumtazama tena akasahihisha; wewe huna pa kurudi ila kwenye picha zile.

Hatari unayoihisi ni ya kweli. Malkia Luise wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, alifariki mwaka 1810 akiwa na miaka 34. Gustav Richter, aliyemchora akishuka ngazi mwaka 1879, alizaliwa mwaka 1823, hivyo hakupata kumwona hata siku moja. Picha hiyo, iliyoko Köln, ni nzuri mno na ilinakiliwa sana. Hata hivyo, nikiilinganisha na sanamu ambayo mchongaji Schadow alimchonga Luise pamoja na dada yake Friederike wakiwa hai, ninamwona kwa Richter mwanamke wa miaka ya 1870, zama za mchoraji mwenyewe, si Luise.

Kwa hiyo umalize uso kwanza, ukitumia picha za London, siku ambazo mpwa wako hayupo. Kisha angalia kivuli cha pua kwenye picha kinaangukia upande gani, na umkalishe kijana mwanga umpate kwa upande huohuo. Mwanga ukitofautiana, kichwa na mwili havitashikana, na mkono wako utataka kuurekebisha uso ufuate mwili. Hapo ndipo sura ya mpwa inapoingia usoni mwa sultani.

Jibu: Fundi wa majoho, Lamu

Ninaongeza la upande wangu. Joho hukaa kwa kufuata bega, na darizi ya ukingoni huanguka kulingana na mtu anavyojishika. Kijana akichoka hulegea, na joho hulegea naye, ukachora uchovu wake ukidhani ni mkunjo wa kitambaa. Mwache ainuke mara kwa mara, na umwekee alama ya chaki sakafuni ili arudi palepale. Mikono nayo itazame vizuri, kwa sababu vidole vya kijana juu ya mpini wa jambia hujulikana haraka kuliko uso.

Mchoraji, Unguja

Ahsanteni sana, mwalimu na fundi. Leo nimetundika shuka kwenye dirisha la pili, na kivuli sasa kinaangukia upande uleule wa picha. Nimeukwangua mdomo wote kwa kisu mpaka turubai ikaonekana, na nitauanza upya kesho usiku, mpwa wangu akiwa kwao.