Naomba ushauri: kupata ripoti ya polisi kwa sherifu, Texas

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu alivunjiwa nyumba huku Texas, na bima wanadai ripoti kamili ya polisi. Ofisi ya sherifu wa kaunti imetupa ukurasa wa mbele tu. Mengine, wanasema, upelelezi unaendelea. Naelewa FOIA, ile sheria ya Marekani ya kuomba taarifa za serikali, inahusu idara za serikali kuu pekee. Kaunti inabanwa na sheria ya jimbo: ukiomba kwa maandishi nao wakataka kuzuia kitu, kwa kawaida wamwandikie Mwanasheria Mkuu wa Texas ndani ya siku 10 za kazi. Sisi tuliomba kwa mdomo dirishani. Aliyepitia hili, barua yenye namba ya kesi inatosha, au tutafute wakili? Tafadhali, mdogo wangu ana watoto wadogo na mlango bado haujatengenezwa.