Mrejesho: Andalusia bila kukodi gari

Wakuu, niliwauliza kama mtu anaweza kuzunguka miji ya kale ya kusini mwa Hispania bila kukodi gari. Miji mikubwa inawezekana vizuri. Vijiji ni kwa mbinde.

Sevilla hadi Córdoba treni ni nyingi, na hata saa moja haifiki. Mlionishauri nilale Córdoba badala ya kupita tu, asanteni sana. Ule msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785, leo kanisa kuu, tuliingia asubuhi kabla ya makundi ya watalii. Nguzo kwa mamia, matao mekundu na meupe, halafu katikati wakapachika kanisa la karne ya 16! Mimi naona waliharibu. Mwenzangu anadai ndilo lililouokoa usibomolewe. Tulibishana mpaka chakula cha mchana.

Ronda, daraja lililokamilika 1793 linatisha ukichungulia bondeni. Setenil de las Bodegas, kwenye nyumba zilizojengwa chini ya mwamba, mabasi ni machache mno. Tulichukua teksi kutoka Ronda.

Alhambra, ile ngome ya kale kule Granada, kateni tiketi mapema. Saa ya kuingia kasri za Nasri (ukoo wa watawala wa Kiislamu) zilizomo ndani yake, iliyoandikwa kwenye tiketi wanaifuata kweli.