Mjadala: Kasha la mafuta ya nyuklia yaliyotumika, liangushwe zima au hesabu zinatosha?

Kobe Mzee: Wadau, nauliza kwa nia njema. Kanuni za IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, zinataka kasha la kusafirishia mafuta ya nyuklia yaliyotumika listahimili kuanguka mita 9 kwenye sakafu isiyobonyea, kuangukia nondo nene kutoka mita 1, moto wa nyuzi joto 800 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha kuzamishwa majini. Lakini kanuni hizo hizo zinaruhusu kuthibitisha kwa modeli ndogo na hesabu. Mimi nasema kila muundo mpya liangushwe kasha moja zima, la ukubwa wake halisi, tuone kwa macho yetu. Nyie mnaonaje?

Nyundo: Mita 9? Nimepiga hesabu, linafika chini na mwendo wa kilomita 48 hivi kwa saa. Baiskeli ya mteremkoni inapita hapo! Treni je? Huo ni mtihani wa chekechea.

Fundi Lakiri: Ndugu Nyundo, umesoma nusu ya sentensi. "Isiyobonyea". Ukigonga ukuta wa kawaida, ukuta unapasuka na kula sehemu ya kishindo. Ukianguka kwenye udongo, udongo unabonyea. Sakafu ya mtihani ni bonge la zege lililovikwa bamba la chuma, halili kitu, kishindo chote kinabaki kwa kasha. Ndiyo maana kichwani na mkiani linavalishwa kofia za kumeza kishindo, nyingi zimejazwa mbao.

Nyundo: MBAO??? Kasha la tani mia na ushee, ndani mna kitu cha kuua, halafu tunategemea mbao. Nimemaliza.

Bi Swali: 😂😂 Fundi, hapo umejipalia makaa mwenyewe.

Fundi Lakiri: Chekeni tu. Chukua kipande cha balsa, ule mti mwepesi sana, kisimamishe nyuzi zikiwa wima, kitwange. Hakikurushi nyuma kama springi. Nyuzi zinajikunja ndani kwa ndani na nguvu inaishia humo humo. Mbao hizo zinapangwa kwa mwelekeo wa nyuzi, zinafungiwa ndani ya ganda la chuma. Mionzi haizuiwi na mbao, inazuiwa na ukuta mzito wa chuma au madini ya risasi, na chembe za nyutroni zinapunguzwa kasi na tabaka lenye haidrojeni nyingi. Kila kitu na kazi yake.

Nyundo: Na kwenye moto? Kuni hizo!

Mtoto wa Seremala: Hapo umenigusa pabaya. Boriti nene ikishika moto, nje inageuka mkaa, na mkaa huo unaikinga ndani. Nguzo ya chuma tupu kwenye moto mkali inalegea kama nta. Baba yangu alikuwa anatuonyesha kwa kupasua kigogo kilichoungua: sentimita mbili nyeusi, katikati mbichi kabisa. Msitaje mbao kama tusi.

Nyundo: Kumbe huu ni mjadala wa useremala. Samahani mzee.

Kobe Mzee: Jamani, swali langu ni KUANGUSHA KASHA ZIMA.

Mpita Njia: Waingereza walishajibu. 1983 waliligongesha treni kasha zima, kilomita 160 kwa saa. Yakaisha.

Bi Swali: 1984, Mpita Njia. Tarehe 17 Julai. Injini bila dereva, mabehewa 3 nyuma. Injini ikawa chuma chakavu, kasha likapata mikwaruzo na shinikizo la ndani likashuka kidogo mno. Sibishi. Lakini yale yalikuwa maonyesho, wageni waalikwa na kamera. Na lilikuwa kasha la aina moja tu, la mafuta ya Magnox, reakta za zamani za Uingereza. La Mjerumani likoje? La Mmarekani?

Fundi Lakiri: Maonyesho? Dada, kuna watu walitumia miaka kwenye modeli na majaribio kabla ya ile siku, wewe unaiita maonyesho. Hayo ni matusi.

Bi Swali: Sikutukana mtu. Ila tusijifanye fundi hakosei. Ujerumani 1998 safari zilisimamishwa, Merkel akiwa waziri wa mazingira, kwa sababu makasha yalikutwa na uchafu wa mionzi nje kupita kikomo cha bekereli (kipimo cha mionzi) 4 kwa sentimita ya mraba. Na kampuni zilikuwa zinajua kwa miaka, zimenyamaza.

Fundi Lakiri: Uchafu wa juu ya ngozi! Kasha linajazwa likiwa ndani ya bwawa, maji yanaingia kwenye vinyweleo vya uso wake, baadaye yanatoka kama jasho. Mfuniko haukuvuja.

Bi Swali: Nilisema umevuja? Nimesema walinyamaza.

Mpita Njia: Na Baltimore, Marekani, 2001? Treni ya mizigo iliwaka ndani ya handaki kwa siku kadhaa. Dakika 30 zenu zinaingia wapi?

Fundi Lakiri: Haikubeba mafuta ya nyuklia. Tume ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani ilichukua moto ule ikaupigia hesabu, kasha likiwa humo. Mionzi ya kudhuru watu haikutoka.

Kobe Mzee: Ikaupigia hesabu kwa kutumia nini?

Fundi Lakiri: Kwa kompyuta.

Kobe Mzee: Asante. Narudi kwenye swali langu la kwanza.

Nyundo: Mtoto wa Seremala, hiyo balsa inapatikana wapi? Nataka kutwanga.