Google, Microsoft au seva yetu wenyewe? Shirika dogo, Kigoma

Kibirizi_Kwetu:
Habari za leo wakuu. Shirika letu lipo Kigoma mjini na bodi inataka pendekezo kabla ya mwisho wa mwezi: faili na barua pepe zetu zihamie wapi? Mezani kuna Google Workspace ya mashirika yasiyo ya faida, Microsoft 365, au seva ndogo, yaani kompyuta ya ofisini ya kutunzia faili, yenye programu ya Nextcloud. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima na anaitaka seva, anasema taarifa za watu zisitoke mikononi mwetu. Mimi naegemea Google. Waliopita njia hii, ipi bora?

FundiMtandao:
Mkuu, hapo hujatupa cha kushika. Wafanyakazi wangapi, wako wapi, mnatunza taarifa za nani, intaneti ya aina gani, nani atasimamia? Mna domeini, yaani jina lenu la mtandaoni? Mkataba wa mfadhili unasemaje kuhusu data?

Mwana_Unyanyembe:
Mimi niko Tabora, na jibu langu ni Microsoft. Mhasibu hawezi kuachana na Excel, na wafadhili wanatuma bajeti zao humo humo. Kifurushi chao cha Business Basic mnapewa bure hadi watumiaji 300 shirika likishathibitishwa.

Bi_Hesabu:
Kaka, mweleze yote. Business Basic inafungua Word na Excel kwenye kivinjari na kwenye simu tu. Ukitaka programu zenyewe ndani ya laptopu unalipia leseni ya juu yake, kwa punguzo. Zamani walikuwa wanatoa bure leseni 10 za Business Premium, kifurushi cha juu zaidi, ila msaada huo unakoma kila shirika linapofikia kuhuisha leseni zake kuanzia Julai 2025. Kurasa nyingi mtandaoni bado zinataja zile 10. Kibirizi, usipeleke bajeti ya namna hiyo kwenye bodi.

Kibirizi_Kwetu:
Asanteni. Tuko 23. Ofisi ya Kigoma ina faiba, walioko Kasulu na Kibondo wanatumia bando la simu. Domeini tunayo. Mtu wa IT hatuna, kuna kijana anajitolea. Tunatunza taarifa za watoto waliotenganishwa na wazazi, na za wanawake waliofanyiwa ukatili, wa vijijini na wa kambi za wakimbizi.

DadaKasulu:
Ndugu yangu, hilo la mwisho ndilo lilipaswa kuja kwanza. Mama aliyemkimbia mtu, jina lake na kijiji alichohamia vikivuja, yeye ndiye atakayeumia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na shirika dogo nalo linatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake, na Google na Microsoft wote wawili seva zao ziko nje. Mwenyekiti wenu ana hoja, asipuuzwe. Ila seva ya kwako nayo si kinga yenyewe. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na familia zao kwa vita. Waliingia tangu Novemba 2021 kupitia kasoro ya programu ambayo sasisho lake halikuwa limewekwa. Wale wana wataalamu. Je, kwenu nani ataweka masasisho kila yanapotoka?

Mzee_wa_Seva:
Hapo napinga. Nextcloud ni programu huria, huilipii leseni, na intaneti ikikatika ofisini faili bado zinafunguka kwa mtandao wa ndani. Weka UPS nzuri ya kushikilia umeme ukikatika, diski mbili zinazonakiliana, na sola kidogo. Nimeziona zikidumu miaka.

FundiMtandao:
Mzee wangu, shikamoo. Wa Kibondo ataifikiaje? Lazima uifungulie njia kutoka nje, na hapo ndipo majaribu ya kuivamia yanapoanza, usiku na mchana. Halafu diski mbili zinazonakiliana si nakala rudufu. Ukifuta faili kwenye moja, na ya pili imefutika. Radi ikipiga zinakwenda zote.

Mzee_wa_Seva:
Marahaba. Kwa hiyo nakala ya tatu inakaa jengo lingine, sijakataa. Ninachokataa ni kumwambia mtu hawezi hata kabla hajajaribu.

Mwana_Unyanyembe:
Nimerudi, maana kuna jambo hamjaligusa na mimi naliona kubwa kuliko chapa yoyote. Kuna shirika moja mkoani kwetu, silitaji, nililisaidia baada ya maji kumwagika. Walimpa kijana wa mkataba kazi ya kufungua kila kitu. Domeini akaisajili kwa jina lake na barua pepe yake binafsi. Akaunti kuu ya usimamizi ni yake peke yake, na namba ya kuthibitishia ni laini yake. Mradi ukaisha, kijana akaenda kutafuta maisha kwingine, laini ikafungwa kwa kutotumika, baadaye namba hiyo akapewa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Domeini ikafikia mwisho wa muda, matangazo ya kulipia yakawa yanakwenda kwenye barua pepe ambayo kijana haifungui tena. Siku barua pepe za ofisi ziliposimama, mfadhili alikuwa anasubiri ripoti ya robo mwaka, na ripoti imo humo humo. Mkurugenzi akazunguka na cheti cha usajili, muhtasari wa bodi na barua za utambulisho kuthibitisha kwamba shirika ni lake. Domeini ilirudi. Faili nyingi hazikurudi. Mama mmoja wa mradi wa ufugaji nyuki alilia mbele yangu, kazi zake za nyanjani zilikuwa pale tu.

Kwa hiyo Kibirizi, kabla ya Google au Microsoft: domeini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani?

Kibirizi_Kwetu:
Mkuu, swali hilo limenishtua. Nitauliza kesho.

Bi_Hesabu:
Na wawe wasimamizi wakuu wawili, mmoja mtendaji, mmoja wa bodi. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya kuingilia inayoombwa baada ya nenosiri, uwe wa programu ya simu, si SMS. Laini inaweza kuhamishwa na tapeli.

Mwana_Unyanyembe:
Dada, wengine wana simu za vitochi. SMS ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Bi_Hesabu:
Mwenye kitochi anunuliwe ufunguo wa usalama wa USB, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye laptopu. Wenye simu janja, ile programu inatoa namba hata pasipo mtandao. Kambini SMS inachelewa mpaka muda wake unapita.

Mgebuka_Mkavu:
Wakuu, si mngefunga Starlink tu, intaneti ya setilaiti? Burundi hapo ng'ambo wameiruhusu tangu 2024.

FundiMtandao:
Kifaa kikiingia kwa njia ya panya bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, shirika ndilo linawajibika. Asijiingize huko.

Mgebuka_Mkavu:
Mimi nimeuliza tu mkuu. Bando linatumaliza.

DadaKasulu:
Tunatoka nje ya mada. Kibirizi, faili zilizofutwa Google Drive zinakaa kwenye pipa siku 30, OneDrive ya ofisi siku 93. Vyovyote mtakavyochagua, kuweni na nakala yenu ya pembeni iliyofungwa kwa nenosiri. Swali langu sasa: watu wa nyanjani wanatuma vipi orodha za wanufaika?

Kibirizi_Kwetu:
Kwa WhatsApp dada. Kwenye kundi la mradi. Fomu wanazipiga picha.

DadaKasulu:
Na walioacha kazi bado wamo kwenye kundi?

Kibirizi_Kwetu:
Baadhi wamo.

DadaKasulu:
Watoe leo. Kisha uangalie KoboToolbox, fomu inajazwa simuni bila mtandao na kutumwa baadaye.

Mzee_wa_Seva:
Kobo nayo unaweza kuifunga kwenye seva yako. Kijana, nitumie vipimo vya chumba cha ofisi na bajeti, nikupigie hesabu ya seva na sola, mwenyekiti azilinganishe zote tatu kwa haki.

Bi_Hesabu:
Kwenye hesabu hiyo weka na laptopu. Kibirizi, ngapi bado ziko kwenye Windows 10? Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Kibirizi_Kwetu:
Karibu zote.